Ethanoli na butanoli kwenye SDS: mbona kila moja na mambo yake?

Povu_Jingi aliuliza:
Wakuu, heshima kwenu. Niko kwenye mradi wa mwaka wa mwisho, napima upitishaji umeme wa myeyusho wa SDS (sodiamu dodesili salfeti, kemikali ya kutoa povu iliyomo kwenye sabuni nyingi) kwa nyuzi 25. Kwenye maji matupu mstari wa grafu unapinda karibu na milimoli 8 kwa lita, pale miseli (vishada vya molekuli za SDS, mikia ndani, vichwa nje) zinapoanza kujikusanya. Nikitia butanoli kidogo, kona inahamia chini. Ethanoli ndiyo inanivuruga. Ikiwa kidogo kona inashuka, nikizidisha inapanda, na nikifika nusu kwa nusu siioni kabisa, mstari umenyooka. Zote si alkoholi? Msimamizi anasema "kasome". Nimesoma, ndiyo kwanza nimechanganyikiwa.

Mzee_wa_Bureti:
Jiulize alkoholi yako inakaa wapi, mengine yatafuata.

Butanoli ina kaboni nne, mkia wake hauyapendi maji, kwa hiyo inajipenyeza kwenye ngozi ya miseli. Kichwa chake cha OH kinakaa katikati ya vichwa vya salfeti vya SDS, ambavyo vyote vina chaji hasi na vinasukumana. Vikitenganishwa, msukumano unapungua, na miseli zinajengeka hata SDS ikiwa chache. Ushahidi unao mwenyewe: gawa mwinamo wa baada ya kona kwa ule wa kabla ya kona. Ukitia butanoli, uwiano huo unapanda, kwa sababu ioni za sodiamu zilizokuwa zimeng'ang'ania miseli zinaachiwa na kupitisha umeme. Ndiyo maana kona inaonekana butu kidogo.

Ethanoli ina kaboni mbili tu na inachanganyika na maji kwa kiasi chochote. Chache inagusa miseli, ndiyo huo mshuko wako wa mwanzo. Nyingi inabaki nje na kuyageuza maji yenyewe. SDS inajikusanya kwa sababu maji yanaufukuza mkia wake. Ukiyachanganya na ethanoli ya kutosha, hayaufukuzi tena, na molekuli inaelea peke yake bila shida. Hapo usitafute kona, miseli hakuna.

Mpita_Njia:
Mimi najua alkoholi inaua povu tu. Nyunyizia ethanoli, povu linakaa chini.

Mzee_wa_Bureti:
Ethanoli ndiyo. Dodekanoli, yenye kaboni 12, inafanya kinyume: inapangana na SDS kwenye utando wa povu, inaukaza, povu linadumu.

Povu_Jingi:
Umeitaja dodekanoli, nimeshtuka. Nilipima pia mvutano wa uso (nguvu inayokaza uso wa kimiminika) kwa myeyusho wa SDS uliokaa muda mrefu kwenye chupa. Grafu inashuka, inafanya bonde karibu na kona, halafu inapanda tena kabla ya kutulia. Sikutia alkoholi yoyote humo!

Mzee_wa_Bureti:
Hukutia, imejitengeneza. SDS ndani ya maji inavunjika polepole na kutoa dodekanoli, na tindikali inaharakisha. Kabla ya miseli kutokea, dodekanoli hiyo inakaa juu usoni na kuushusha mvutano kuliko SDS peke yake inavyoweza. Miseli zikishatokea zinaimeza, uso unabaki na SDS, mvutano unarudi juu. SDS safi haina bonde. Inashuka na kutulia karibu milinyutoni 38 au 39 kwa mita.

Mwaga hiyo. Unga wenyewe ufuwelishe upya kwa ethanoli (ndiyo, alkoholi moja inaondoa nyingine), ukaushe vizuri, kisha utengeneze myeyusho siku ileile ya kupima.

Halafu hiyo "nusu kwa nusu" yako ni ya uzito au ya ujazo? Mililita 50 za maji na 50 za ethanoli hazifiki 100, zinaishia kama 96 au 97. Pima kwa mizani.