Kanji zinanitoa jasho, wakuu nishaurini

Spana14: Wakuu salaam. Mimi ni fundi magari, niko Dar. Gari zinashuka kutoka Japani na stika zao mlangoni, na ukiwasha tu kuna mama anaongea humo ndani utadhani anakugombeza. Nikachoka kubahatisha, nikaanza kujifunza kusoma Kijapani. Hiragana na katakana, zile herufi zao za sauti, 46 kila moja, wiki tano zikaisha. Irabu zao ni a, i, u, e, o kama zetu, matamshi hayanisumbui. Sasa kanji, zile alama zao za maneno! Daftari mbili zimejaa. Hii 生 niliikariri "sei", nikakutana nayo inasomwa "nama", kwingine "i", kwingine "u". Na nasikia za matumizi ya kila siku ni 2,136. Niendelee au niachane nazo?

Bi Tausi: Pole mkuu. Tatizo unakariri sauti bila neno. Hebu andika 5, soma: tano. Ongeza sifuri: hamsini. Alama ni ile ile, ikiwa peke yake unaisoma Kibantu, ikipata mwenzake unaisoma Kiarabu, na wala hujawahi kulalamika! Wajapani nao walizichukua kanji China pamoja na sauti za huko, halafu wakazitumia kuandikia maneno yao wenyewe. Ndiyo maana 学生 ni gakusei, mwanafunzi, lakini 生まれる ni umareru, kuzaliwa. Ukiona kanji imefuatwa na mkia wa hiragana, mara nyingi hapo ni sauti ya Kijapani chenyewe. Kariri neno zima.

Mzee wa Bandarini: Huyo mama anasema hujaweka kadi ya kulipia barabara 😂 Mimi miaka yote nafunga mkanda.

Kijana wa Ilala: Daftari asizitupe lakini. Mimi 持 na 待 zilinichanganya mpaka nilipoziandika kwa mkono. Kulia zinafanana, kushoto ndiko kwenye siri: ya kwanza ina mkono, ni kushika, ya pili ina alama ya mwendo, ni kusubiri. Kwa macho tu huzinasi.

Bi Tausi: Sawa, ila aziandike akiwa na neno. Na wewe fundi, anza na stika zako. オイル交換 ni kubadilisha oili. Hiyo ya mbele ni katakana, isome: oiru. 次回 ni mara ijayo. Ukikuta 25年 usidhani ni 2025, huo ni mwaka wa 25 wa enzi ya Heisei, enzi ya mfalme wao aliyepita. Jumlisha 1988, unapata 2013. Kuanzia Mei 2019 ni enzi ya Reiwa, hapo unajumlisha 2018.

Spana14: Bi Tausi, ubarikiwe. Nimetoka kusoma stika ya gari la mteja sasa hivi. 25年, oili. Chini yake 次回: kilomita 85,000. Dashibodi inasoma 61,000. Mteja amekaa hapo kwenye benchi anakunywa soda, kalinunua juzi. Namwambiaje?

Mzee wa Bandarini: Mwache amalize soda kwanza.