Mrejesho: Nimepata kazi Tanga baada ya kusomea udaktari bingwa

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niliwauliza mwezi wa tatu: nimemaliza miaka 3 ya kusomea udaktari bingwa wa watoto MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Dar, mama anaumwa Tanga, nitapataje kazi huko wakati naitwa Dar tu?

Nimepata, alhamdulillahi.

Aliyeniambia nisikae nikisubiri tangazo la Ajira Portal (tovuti ya ajira za serikali), niende mwenyewe, Mungu amzidishie. Nilipanda basi na bahasha yangu, nikazunguka hospitali kuanzia Bombo, Tanga mjini, mpaka Muheza nikiomba kuonana na waganga wafawidhi, yaani madaktari wasimamizi wa hospitali. Kila mlango, swali la kwanza: usajili wa ubingwa kutoka Baraza la Madaktari upo? Shughulikieni hilo mapema, jamani. Hospitali moja ilinizungusha wiki sita, nikalia. Nyingine ikanipa mkataba wa mwaka mmoja, mshahara chini ya wa Dar. Nikasaini palepale.

Wiki ya kwanza, mama mmoja wa Pangani alinifunulia khanga: kichanga wa siku nne, macho manjano kama bizari. Tukamlaza chini ya taa ya buluu inayotibu manjano ya vichanga. Siku ya tatu ananyonya kwa nguvu, mama yake anacheka.

Jioni nakula na mama yangu.