Je, ni haki kuwaambia watu kwamba kukoroma kunaleta kansa?

Mleta mada, Kamalondo (Lubumbashi):
Ndugu, juzi tulikuwa kwenye kilio. Mzee mmoja akapitiwa na usingizi kwenye kiti cha plastiki, akakoroma mpaka waimbaji wakageuka. Kijana mmoja akasema: "Huyo anajitafutia kansa." Watu walicheka. Mke wa mzee hakucheka. Kesho yake alinipigia simu akiuliza wapi wanapima.

Kwangu mimi huko ni kuruka hatua. Kukoroma peke yake si ugonjwa wa apnea. Apnea ni pale koo linapojifunga usingizini, pumzi ikakatika sekunde 10 au zaidi, kisha mtu akashtuka kama aliyeibuliwa majini. Ikifika mara 30 kwa saa, ni kali. Maneno ya kijana yana mzizi: mwaka 2012 watafiti wa Wisconsin, Marekani, baada ya kufuatilia watu 1,522 kwa miaka 22, walikuta hatari ya kufa kwa kansa kwa wenye apnea kali inakaribia mara 5 ya wasio nayo. Inatisha, ila vifo vyenyewe vilikuwa vichache. Mwaka 2014, Kanada, kwa watu zaidi ya 10,000, walipoondoa umri, unene na sigara katika hesabu, uhusiano na kansa kwa ujumla haukuonekana tena.

Mama wa Katuba:
Kaka, wewe unahesabu utafiti, mimi nahesabu pumzi. Baba watoto akinyamaza ghafla, naanza: moja, mbili, tatu. Usiku mmoja nilifika ishirini na tatu ndipo nikamsukuma kwa kiwiko. Asubuhi analalamika kwamba ni mimi niliyemnyima usingizi! Hospitali walimpima tansio (shinikizo la damu) na sukari, wakampa vidonge. Hakuna aliyeuliza analalaje. Huyo kijana hata kama alikosea, mama yule si amepiga simu? Watishwe kidogo.

Muuguzi, Kampemba:
Mama, hapo kwenye kutisha ndipo ninapokataa. Ukimtisha na kansa, ataenda kutafuta kansa: picha, damu, skana, pesa ya shule ya watoto inaisha, na koo limebaki vilevile. Sisemi wazo ni la ovyo. Oksijeni ikishuka na kupanda usiku kucha, seli huamsha HIF, protini inayozisaidia kuvumilia upungufu wa oksijeni (wagunduzi wa kazi zake walipewa Nobel mwaka 2019), na uvimbe unaweza kuitumia kujioteshea mishipa ya damu. Kwa panya wa maabara, uvimbe ulikua haraka zaidi. Lakini tuseme ukweli, wakoromaji wengi mtaani kwangu ndio hao wenye tumbo, na lutuku, pombe kali ya kienyeji, kila jioni. Unene na pombe vinaleta kansa vyenyewe, na vyote viwili hubana pumzi usiku. Utamshtaki nani?

Cha kuwaambia ni tansio, moyo, na dereva anayesinzia kwenye usukani.

Mama wa Katuba:
Na ile mashine ya hewa?

Mleta mada:
Ipo tangu 1981, ilibuniwa Australia. Inasukuma hewa puani, koo linabaki wazi. Kwamba inazuia kansa, bado haijathibitishwa. Halafu inataka umeme hadi alfajiri, na delestaji zetu, hizi katakata za umeme, mnazijua.

Muuguzi:
Asilale chali kwanza. Na lutuku iache usiku.

Mama wa Katuba:
Nimeshona mfuko mgongoni mwa singileti yake, nikatia limau. Usiku ameuliza nani anaficha matunda kitandani. Nimehesabu hadi tisa tu.