Vitu wanavyochanganya kwa saplimenti za vitamini, ni salama? Nimenunulia mamangu sasa naogopa kumpea

binti_wa_umoja

Habari za jioni wadau. Naomba mnisaidie kwa roho safi maana hii kitu imeninyima usingizi siku tatu. Mamangu ana miaka 68, ana presha tangu 2011 na anameza dawa kila asubuhi bila kukosa, sasa hii miezi ya karibuni amekuwa akisema miguu inakufa ganzi usiku na mwili hauna nguvu. Mwezi uliopita nikapitia kemisti moja huku town nikamnunulia vitu viwili, chupa ya maltivitamini za kapsuli na zile tembe kubwa za vitamini C za kutumbukiza kwa maji zinatoa povu. Hizo za povu ndizo anapenda sana, anakunywa mbili kwa siku, anasema zina ladha ya machungwa na hazimkwami kooni.

Sasa Jumapili mtu akatuma video kwa grupu yetu ya chama, jamaa anaongea kwa ukali ati hizi kampuni zinatuuzia mchanga na plastiki, ati kuna kitu inaitwa magnesiamu stiareti inajenga ukuta kwa matumbo vitamini zisiingie, na inaua kinga ya mwili. Nikakaa jikoni nikamulika ile chupa na tochi ya simu, maandishi ni madogo kama sisimizi, na kweli iko. Magnesiamu stiareti, silikoni dayoksaidi, selulosi, titaniamu dayoksaidi, jelatini. Vitamini zimeandikwa juu kwa herufi kubwa, hivi vingine vimefichwa huko chini. Nikafungua kapsuli moja nikamwaga kwa sahani, unga mweupe wenye umanjano kidogo, ukigusa unateleza kwa kidole kama poda ya mtoto.

Swali langu ni hili. Hivi vitu vinafanya nini huko ndani na kwa nini haviwezi kuachwa? Nimwage chupa yote ama nimpee? Tafadhali kama hujui usiniambie tu "wacha kuogopa", huyu ni mzazi wangu.

mtu_wa_dirishani

Dada pole, na umefanya vizuri kusoma lebo, wengi hatusomi. Mimi niko kwa kemisti mwaka wa tisa, nasimama dirishani kutoka asubuhi mpaka usiku, na hii video wateja wananionyesha kila wiki. Wacha nikueleze vile ninavyojua.

Kwanza kwa nini vinawekwa. Chukua vitamini D ya yuniti 1000, hiyo ni maikrogramu 25. Chembe moja ya chumvi ya mezani ni nzito kuliko hiyo. Sasa wewe utaishikaje, utaimezaje, na kiwanda kitahakikishaje kila tembe imepata kiasi sawa? Lazima ichanganywe na kitu cha kuijaza ndio ifike saizi ya kushikika, na hapo ndio unaona selulosi, ambayo ni nyuzi za mmea, ile ile iko kwa sukuma wiki, tumbo haliisagi inapita tu. Wakati mwingine kijazo ni laktosi, sukari ya maziwa, kiasi chake kwa tembe ni kidogo lakini mtu ambaye maziwa yanamsumbua sana aangalie.

Magnesiamu stiareti nayo, umeshasukuma chapati? Ule unga unanyunyiza kwa kibao usinate, kazi yake ndiyo hiyo. Mashine ya kugonga tembe inatoa maelfu kwa maelfu kwa saa, bila kitu cha kuteleza unga unanata kwa chuma na tembe zinatoka zimevunjika, zingine nzito zingine nyepesi. Kwa kawaida ni kama asilimia moja ya tembe, saa zingine chini ya hapo. Na stiareti ni mafuta tu yameshikana na magnesiamu, asidi hiyo ya stiariki iko kwa nyama ya ng'ombe na kwa siagi ya kakao. Mama akila nyama choma Jumapili amekula nyingi kuliko ya chupa nzima.

Ile ya kuua kinga ilitoka wapi? Kuna utafiti wa mwaka 1990, walichukua seli za panya wakaziweka kwa kisahani cha maabara wakazimwagia asidi ya stiariki. Seli za panya ndani ya kisahani, dada, hakuna mtu aliyemezeshwa tembe. Watu wameichukua hiyo wakaijengea hadithi nzima miaka thelathini na kitu. Na ule ukuta kwa matumbo, tumbo linasaga hiyo kitu kama mafuta mengine yoyote.

Silikoni dayoksaidi inazuia unga usigandamane ukipata unyevu. Jamaa akisema ni mchanga, asili yake kweli ni moja na mchanga, lakini hii imesagwa laini sana na iko hata kwa chumvi nyingi za dukani ndio isishikane. (Kile kipakiti kidogo ndani ya chupa kimeandikwa usile, hicho ndicho usile.)

Sasa kitu kimenishtua kwa swali lako si hiyo kapsuli. Ni zile za povu, na mama ana presha. Geuza ile tyubu uangalie kama wameandika sodiamu kwa kila tembe (ndiyo ile iko kwa chumvi, na inapandisha presha), kisha urudi hapa uniambie namba. Usimpee ingine kabla hujaangalia.

Na ganzi ya miguu usiitibu na vitamini za kubahatisha. Apimwe sukari, apimwe B12. Kama yuko kwa metfomini, ile dawa ya sukari, ndio kabisa, hiyo dawa ikitumika miaka mingi inaweza kushusha B12.

kijana_wa_Section_Three

Salaam. Naongezea upande wangu kwa sababu nilikaa miaka nikimeza bila kuuliza. Jelatini, lile ganda la kapsuli, inatengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, inaweza kuwa ng'ombe, inaweza kuwa nguruwe, na chupa nyingi hazisemi ni ya mnyama gani. Sisi huku Eastleigh tunaangalia alama ya halali, ama tunatafuta kapsuli ya hipromelosi, hiyo inatoka kwa mimea. Na rangi nyekundu ikiandikwa E120 ujue imetoka kwa wadudu waliokaushwa wakasagwa. Kwa afya si sumu, ingawa kuna watu wachache inawaletea aleji, lakini mimi nina haki ya kujua naweka nini mdomoni. Hata Wahindi na Waadiventista wengi ninaofanya nao kazi wanauliza hilo swali, si letu peke yetu.

hakuna_kunyamaza

Mtu wa dirishani nakuheshimu lakini umeruka moja. Titaniamu dayoksaidi, E171. Ulaya wameipiga marufuku kwa chakula tangu 2022, na hiyo inashika saplimenti pia. Kama wazungu hawaitaki kwa sahani zao kwa nini mamake huyu dada aimeze huku Umoja? Kila siku tunaambiwa kiasi ni kidogo kiasi ni kidogo, sawa, lakini mtu anameza kila siku miaka kumi, na si kwa hiyo tembe tu, iko kwa chingamu, iko kwa peremende, iko kwa dawa ya meno. Nani anajumlisha?

mtu_wa_dirishani

@hakuna_kunyamaza uko sawa na sikuiruka kwa ubaya, jibu lilikuwa linarefuka. Hiyo moja mimi pia siitetei. Kazi yake ni weupe tu, inafanya kapsuli isionekane ndani na tembe ing'ae. Mei 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya walisema hawawezi tena kuihesabu salama kwa chakula, kwa sababu hawawezi kuondoa uwezekano kwamba inaharibu chembe za urithi. Angalia vizuri walichosema, hawakusema imethibitishwa inaua, walisema shaka haijaondoka. Marekani bado wanairuhusu isizidi asilimia moja ya uzito wa chakula, Uingereza pia hawajaikataza, na hata huko Ulaya bado iko kwa dawa za hospitali. Kwa hivyo kama mama ameshameza mwezi mmoja usishikwe na hofu, lakini chupa ikiisha tafuta ambayo haina, ziko nyingi. Kitu cha urembo wa tembe hakina faida yoyote kwa mgonjwa, kikiwa na shaka hata kidogo kiondoke.

Swali lako la nani anajumlisha ni swali zuri sana, na sitakudanganya kwamba kuna mtu anafanya hiyo hesabu kwa niaba ya kila mmoja wetu.

mama_pacha_Kayole

Mimi nasema hivi, mnaongea sana juu ya vile vimeandikwa, na mimi kilichoniumiza kilikuwa hakijaandikwa. 2019 baada ya kuzaa nilinunua kapsuli za kupunguza mwili, mtu anauza kwa simu anakuletea na boda, pakiti ina picha ya majani ya kijani na maneno ati asili asilimia mia. Siku ya tatu sina njaa kabisa, nikafurahi. Siku ya sita moyo unapiga usiku kama mtu anagonga mlango, mdomo mkavu, mikono inatetemeka mpaka nikashindwa kumfunga mtoto nepi. Kule hospitali daktari aliniuliza umemeza nini nikamwonyesha pakiti, akaisoma pande zote akasema mama, majani hayafanyi hivi.

Akanieleza kuna dawa inaitwa sibutramini, ilikuwa ya kupunguza uzito, ikaondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi, na mpaka leo inaendelea kukamatwa ndani ya hizi kapsuli za ati majani. Kwa zile za nguvu za kiume wanaweka sildenafili kisirisiri, na mwanaume anayetumia dawa za nitreti za moyo akimeza hiyo presha inaweza kushuka mpaka aanguke. Sijui mpaka leo yangu ilikuwa na nini, haikupimwa. Lakini mimi siogopi tena jina refu kwa lebo. Naogopa pakiti isiyo na jina la kiwanda, isiyo na namba ya bachi, na muuzaji ambaye ukimuuliza anakasirika.

Na wenye watoto wadogo, zile vitamini za jeli kama peremende ziwekeni juu kabisa kwa kabati. Zikiwa na madini ya chuma, mtoto akimaliza chupa ni kukimbia hospitali usiku huo huo.

mtu_wa_dirishani

Mama pacha asante kwa kusema hiyo, na pole sana. Ndio maana naambia watu wanunue kwa kemisti yenye leseni imetundikwa ukutani, na bidhaa yenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Hiyo alama unaweza kuihakikisha, unatuma SM, alama ya #, na namba ya kibali kwa 20023, wanakujibu ni bidhaa gani ya kampuni gani. Ikija jina lingine rudisha. Na msidanganywe na "imetoka Amerika", kule kwa sheria yao ya 1994 saplimenti haihitaji kuidhinishwa na FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, kabla iuzwe, kampuni yenyewe ndiyo inabeba jukumu. Nzuri ziko nyingi, na mbovu pia ziko.

Kwa wamama wajawazito mnaosoma hapa, kabla ununue kitu cha bei kliniki ya serikali inakupa tembe za chuma na folik bure, chuma miligramu 60 na folik maikrogramu 400.

Dada wa Umoja, ile namba?

binti_wa_umoja

Nimerudi. Nimeshindwa kuandika mapema kwa sababu nilikuwa nimekaa nayo mkononi tu.

Sodiamu miligramu 290 kwa kila tembe. Anakunywa mbili. Hiyo ni 580.

Nataka mjue kitu kimoja. Tangu apatikane na presha mimi napika mboga yake kwa sufuria yake, bila chumvi, naweka ndimu na dania apate ladha. Miaka yote hiyo. Na kumbe kila asubuhi na jioni nampelekea kwa glasi na mikono yangu.

mtu_wa_dirishani

Dada usijilaumu. Ile povu haiji bure, ni sodiamu baikaboneti inakutana na asidi ya sitriki kwa maji, bila hiyo haichemki. Hakuna mtu aliyekuambia, na mwenye alikuuzia alipaswa kuuliza inaenda kwa nani. 580 ni kama robo kijiko cha chai cha chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe sodiamu 2000 kwa siku, chakula chote kwa jumla, kwa hivyo hapo pekee ni zaidi ya robo. Mwaka 2013 jarida la BMJ lilitoa utafiti wa wagonjwa zaidi ya milioni 1.2 Uingereza, na waliopewa dawa za kuyeyuka zenye sodiamu walipata presha mara nyingi zaidi kuliko waliopewa dawa zile zile zisizo na sodiamu. Hizo zilikuwa dawa na si vitamini, lakini sodiamu ni ile ile. Simamisha za povu leo. Dawa zake za presha usiguse, aendelee vile vile, na mwambie daktari hiyo habari yote na namba yenyewe.

hakuna_kunyamaza

Yaani tumebishana siku mbili juu ya stiareti na kitu chenyewe kilikuwa chumvi. Dada, ukimpeleka tuambie.

binti_wa_umoja

Kliniki ni Jumanne, nimeomba ruhusa kazini. Nimemwambia mama tumeacha zile za povu, akanuna kidogo, akauliza sasa atakunywa nini cha machungwa. Nimemnunulia machungwa kwa mama mboga pale stage, leo nimemkatia moja akala yote na maji yake yakamtiririka mpaka kwa kiwiko. Tyubu na chupa ya kapsuli nimezifunga kwa mfuko mmoja na dawa zake za presha, nitaenda nazo zote nimwekee daktari mezani.

mtu_wa_dirishani

Hivyo hivyo. Na ukumbuke kumwambia kuhusu ganzi kabla hata ya vitamini.