Ncha ya pia iliyolika na ncha iliyopigwa msasa: mwamuzi azitofautishe vipi?

Mleta mada

Wakuu, habari za wakati huu. Naleta hoja hii tuijadili kwa kina, maana kila mashindano ya pia za Beyblade (zile za kuchezea zinazogonganishwa ulingoni) yakiisha inarudi palepale.

Kuunganisha vipande upendavyo hakuna anayekupinga. Ndiyo roho ya mchezo tangu Takara walipoutoa Japani mwaka 1999. Kwenye kizazi cha sasa, Beyblade X kilichoanza 2023, unachagua bledi ya chuma ya juu, racheti ya katikati na biti ya chini yenye ncha, unafunga, unaingia ulingoni. Ugomvi unaanza pale mtu anapokibadilisha kipande chenyewe. Sheria rasmi hazitaki ukate, upige tupa, uongeze uzito wala upake grisi. Ila kipande kilicholika kwa kuchezewa kinapita, na mwanya uko hapo.

Chukua biti ya Flat. Ncha yake ni bapa, kwa hiyo pia inakimbia ovyo uwanjani mpaka meno ya biti yanapokamata reli ya ukingoni, kisha inafyatuka kumfuata mpinzani. Ikichezwa sana, kingo za ncha zinalika, eneo linalogusa sakafu linapungua, pia inatulia. Wachezaji wa zamani wa Metal Fight, kizazi cha nyuma cha Beyblade, wanalijua hili vizuri zaidi kwa zile ncha bapa za mpira za RF (Rubber Flat): mpya inakimbia mno na kuishiwa nguvu mapema, iliyolika unaweza kuiongoza. Watu walikuwa wanazitafuta zilizolika kiasi fulani tu, wanazitunza pembeni kwa ajili ya siku ya mashindano.

Sasa weka biti mbili chini ya taa. Iliyolika yenyewe ina mikwaruzo ya mviringo, kwa sababu inasuguliwa huku pia inazunguka. Kwenye iliyopigwa msasa utaona mistari midogo iliyonyooka ikienda upande mmoja. Hadi hapo mwamuzi ana ushahidi. Lakini mwenye biti ya msasa akicheza nayo jioni moja tu, ile mistari inafutika. Kesho yake huna cha kumwambia.

Msimamo wangu: sheria ikague kilichopo mezani, isikague nia ya mtu. Kwa ncha za plastiki na mpira, tuweke kipimo cha kimo cha chini kabisa, na yeyote aliye ndani ya kipimo acheze, awe ameifikisha hapo kwa kucheza au kwa msasa. Kwa chuma, marufuku ibaki vilevile. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakuheshimu lakini hapa sikuungi mkono. Kulika kwa kucheza kuna gharama yake: umetumia muda, umerusha, umeshindwa, umejifunza. Anayepiga msasa ameruka yote hayo. Halafu fikiria mtoto anayekuja na pia aliyoitoa kwenye boksi juzi. Leo anajua kwamba tofauti yake na bingwa ni mkono na uchaguzi wa vipande. Kwa sheria yako itabidi ajue na ufundi wa kusugua plastiki. Wangapi watarudi mara ya pili?

Mchangiaji wa pili

Mimi nakwenda mbali kuliko mleta mada: fungueni kila kitu. Huu mchezo umezaliwa kutokana na beigoma, zile pia ndogo za chuma ambazo Wajapani walizicheza juu ya kitambaa kilichotandazwa kwenye ndoo au pipa. Kule kunoa pia ilikuwa ni sehemu ya mchezo. Mtu aliisugua upande wa chini ikae karibu na kitambaa, akaichonga pembeni ipate pembe za kuipiga ya mwenzake. Hakuna aliyeitwa mwizi. Aliyejua kunoa aliheshimiwa kama aliyejua kurusha. Leo tunajifanya watakatifu kuliko waanzilishi.

Mleta mada

Mkuu wa pili, hoja ya beigoma ni nzito na nimeifikiria sana. Kinachonizuia ni mpinzani. Ncha ya biti inasuguana na uwanja tu, lakini bledi inagongana na bledi ya mwenzako. Ukiipa chuma pembe kali, unaharibu kipande alichonunua mtu mwingine, na kipande kikimeguka kinaruka kuelekea uso wa aliyeinama kutazama. Ndiyo maana natenganisha hivi viwili. Ncha yangu nikiiharibu ni hasara yangu mwenyewe.

Mkuu wa kwanza, suala la mtoto limenigusa. Ila tazama hali ilivyo sasa: mtoto huyo tayari anacheza na mtu mwenye biti iliyolika kwa kiwango kizuri, na haruhusiwi kuifikia isipokuwa asubiri. Sheria ya sasa inampendelea mkongwe.

Mchangiaji wa tatu

Mnahangaika na msasa wakati kuna jambo kubwa zaidi. Bledi mbili za jina moja, kutoka kiwanda kilekile, hazina uzito sawa. Zinapishana kwa sehemu ya gramu. Kwenye bledi kama WizardRod, ambayo nguvu yake yote ni uzito uliosogezwa ukingoni ili pia isichoke haraka, tofauti hiyo ina maana. Mwenye pesa ananunua kadhaa, anaziweka kwenye mizani moja moja, anabaki na nzito kuliko zote, nyingine anaziuza. Hajagusa kitu. Ni halali kabisa. Na aliyenunua ile iliyouzwa amepata nyepesi bila kujua. Mtu akitumia msasa wa bei ndogo anafukuzwa, mtu akitumia pochi anapongezwa. Mnaita haki hiyo?

Mleta mada

Mkuu, hapo umenipa nguvu bila kukusudia. Kanuni ni ileile: pima kilichopo mezani. Mizani ikae kwenye meza ya usajili, kila bledi iwe na uzito wa juu unaoruhusiwa, inayozidi ikae pembeni. Ya pochi hatuwezi kuyazuia, lakini faida yake tunaweza kuiwekea kikomo.

Mchangiaji wa nne (nimewahi kukaa meza ya mwamuzi)

Naongea kwa upande wa kazi. Mfumo wa pia tatu kwa kila mchezaji, bila kurudia kipande, maana yake ni bledi tatu, racheti tatu, biti tatu kwa kila kichwa. Kuzipima zote kwa mizani ni foleni ndefu. Kimo kinawezekana. Namba ya racheti yenyewe inakuambia: 60 ni milimita 6.0, 80 ni milimita 8.0. Unatengeneza kibao chenye mwanya, unaipitisha pia iliyofungwa. Ikipita pale isipotakiwa kupita, ncha imelika kupita kiasi. Sekunde chache tu.

Ila kibao hakioni umbo. Flat iliyozungushwa kingo inaweza kuwa na kimo kilekile cha mpya na ikazunguka tofauti kabisa. Mleta mada, kipimo chako kinakamata waliozidisha tu.

Mleta mada

Nakubali, hakikamati umbo. Lakini mkuu, sheria ya sasa nayo hailikamati, tofauti ni kwamba inajidai inalikamata. Mwamuzi anaangalia ncha, anamwangalia mtu usoni, anakisia. Mchezaji mkweli aliyerusha mwaka mzima anaweza kuondolewa kwa kukisiwa, na ikitokea hivyo hana pa kukata rufaa kwa sababu hakuna namba yoyote iliyoandikwa. Mechi ya pointi 4, ambapo kuitupa pia ya mwenzako kwenye shimo la uwanjani liitwalo Xtreme kunakupa 3 kwa mkupuo, haivumilii uamuzi wa kukisia.

Mchangiaji wa kwanza

Bado siafiki, ila nitakupa njia ya kati. Kabla ya nusu fainali, waandaaji watoe biti mpya za aina ambazo wachezaji wameziandikisha, kila mmoja afunge ya kwake mbele ya mwamuzi. Hapo hakuna iliyolika wala iliyosuguliwa. Kilichobaki ni mkono.

Mleta mada

Kwa nusu fainali naikubali, mkuu, kwa sharti moja: wapewe mirusho michache ya kuizoea. Biti mpya kabisa ina tabia ngeni hata kwa mwenye mkono mzuri. Kwa raundi za mwanzo, pendekezo la kibao chenye mwanya liko palepale, na mkuu wa nne nakuomba utuwekee vipimo vyake hapa ili wanaotaka wachonge cha kwao wakijaribu.