Familia ya mteja wanataka nimalizie picha niliyoiacha hivyo makusudi. Nirudishe hela? (Kigoma)

mkono_wa_penseli
Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mchoraji, nipo Mwanga hapa Kigoma. Kinachoniweka mjini ni mabango ya maduka na majina ya mitumbwi kule Kibirizi, ila kazi ninayoipenda ni kuchora sura za watu. Natumia rangi ya mafuta kwenye kitambaa cha marekani, na sura hizo huwa sizimalizi. Jicho moja nalifikisha mpaka mng'ao wake, shavu linaishia katikati, kinachobaki nakiacha na mistari ya penseli na weupe wa kitambaa. Sura ya mtu haikamatiki yote, na nikijifanya nimeikamata nitakuwa nimemsingizia mwenye sura.

Kuna familia iliniagiza picha ya baba yao kwa 250,000, wametanguliza 150,000. Mimi picha naihesabu imekwisha. Wao wanataka niweke mdomo, jicho la kulia na mikono. Nimekataa, binti yao kasema basi nirudishe hela. Je, nina wajibu wa kurudisha? Usingizi umenipaa, naombeni ushauri wa watu wazima.

Fundi Katubuka
Mkuu, mimi ni seremala. Mteja akiagiza kabati la milango minne, nikimpelekea lenye miwili niseme nguo hazikamatiki zote? Rudisha hela. Ingawa na wateja nao wana mambo. Kuna mwalimu nilimtengenezea kitanda cha mninga, futi tano kwa sita, akasema atamalizia mshahara ukitoka. Kahamishwa wilaya na kitanda juu. Mpaka leo nikiona mninga roho inaniuma.

Mama Gungu
Pole mwanangu. Swali moja tu. Hao watu walijua unavyochora kabla ya kukupa hela?

mkono_wa_penseli
Shikamoo mama. Kibandani picha zangu zimetundikwa ukutani, zote ziko hivyo. Mwanga nzima wanajua.

Mama Gungu
Marahaba. Sijauliza Mwanga, nimeuliza hao waliokupa hela.

Mjukuu wa Ujiji
Ndugu yangu, mimi ningekusihi uachane na sura za viumbe wenye roho, masheikh wengi wanalikataza jambo hilo. Ziwa lote lile limelala mbele yako. Chora machweo upande wa Kongo, chora miembe yetu, chora wanaoanika dagaa. Ila kwa kuwa umeuliza hela, hela ya mtu ni amana. Kama kazi hajaipokea, mrudishie.

Dada wa Stesheni
Mbona baba mwenyewe hatumsikii? Si yeye ndiye aliyekaa ukamchora? Mwiteni aseme kama anaitaka hivyo, mzozo uishe.

mkono_wa_penseli
Mzee amefariki.

Samahani, sikutaka watu wanijibu kwa huruma ya msiba ndiyo maana sikuanza na hilo. Alikuwa gadi wa treni, mstaafu. Alikuwa anakuja jioni na kofia yake ya kazi, anakaa kwenye kigoda, anasimulia safari za Tabora na watu waliokuwa wakijificha tiketi zikikaguliwa. Kofia nimeimaliza, paji la uso nimelimaliza, jicho la kushoto limekaa kama lilivyokuwa. Siku ya mwisho alipoinuka alisema, "Mdomo utauweka nikirudi." Nikamwambia sawa mzee. Hakurudi. Sasa arobaini inakaribia na wanataka picha iwepo siku hiyo.

Mama Gungu
Innalillahi. Sasa nikuambie mwanangu, na usikasirike. Hiyo picha hukuiacha wewe. Mzee kakuambia mdomo utauweka, ukaitikia. Zile za ukutani ni mtindo wako, hii ni ahadi.

mkono_wa_penseli
Mama, hata angerudi ningeweza kuamua kuuacha. Na si mimi peke yangu. New York mwaka 1965 mchoraji Alice Neel alianza kumchora kijana mweusi, James Hunter, aliyekuwa ameitwa jeshini kwenda vita vya Vietnam. Kikao cha kwanza akamaliza kichwa na mkono mmoja, mwili ukabaki mistari. Kijana hakutokea kikao cha pili. Neel hakutafuta mtu mwingine wa kumkalia pale, aliitangaza picha imekamilika. Ukiitazama unajua kuna mtu aliondoka. Na yangu iko hivyohivyo. Nikiweka mdomo leo nitauweka mdomo wangu, siyo wa mzee.

Simulizi za Bi Mkubwa
Mimi nimesoma hapo nimelia. Mama yangu amefariki hatuna picha yake yoyote zaidi ya kitambulisho cha kupigia kura. Tukaipeleka studio ikuzwe, ikarudi uso umekuwa wa mtu mwingine kabisa, wamempaka na lipstiki ambayo hakuwahi kupaka maishani. Imetundikwa sebuleni kwa kaka, nikienda nakaa kwa kuipa mgongo. Mleta uzi, usiguse hiyo picha. Nusu ya kweli ina nafuu.

Kijana wa Isevya
Wakuu mnanyweshwa chai na mnaongeza sukari. Post ya kwanza baba yupo, post ya tatu baba marehemu, post ya nne tupo New York. Hii habari imeokotwa. Gilbert Stuart, Marekani, mwaka 1796, aliagizwa na Martha Washington awachore yeye na mumewe, rais George Washington. Akachora uso, sehemu kubwa ya kitambaa akaiacha tupu makusudi, familia wakidai anasema haijakwisha. Mtu kabadilisha Washington kuwa gadi wa treni, basi. Kama ni kweli tupia picha hapa.

Fundi Katubuka
Duh. Na mimi nilishaanza kusimulia kitanda changu.

Dada wa Stesheni
Kijana wa Isevya, punguza kidogo. Kibanda kipo, jirani yangu anayeuza migebuka alichorwa pale, uso wote upo ila mikono ni penseli tupu. Mwenyewe anaipenda. Gadi mstaafu kufariki ni kweli, tulizika. Jina silitaji hapa.

mkono_wa_penseli
Asante dada. Picha siweki, binti yake ameniomba sura ya baba yake isizagae mtandaoni, na hilo namheshimu. Na wewe wa Isevya, Stuart aliacha kwa sababu nyingine. Alitaka abaki na picha ili anakili na kuuza nakala. Ndiyo hiyo sura iliyoingia kwenye noti ya dola moja. Alikaa nayo mpaka alipokufa 1828, Martha hakuipata. Mimi siuzi nakala.

Kijana wa Isevya
Sawa, naamini upo. Lakini jibu la mwisho limenishtua. Nakala huuzi, na yenyewe je? Mtu asiye na hela ya kurudisha huwa anauliza "nitarudishaje". Wewe unauliza kama una wajibu. Kuna mtu mwingine anaitaka?

Mama Gungu
Jibu mwanangu.

mkono_wa_penseli
Yupo mtu wa Dar. Alipita kibandani akaiona, ametaja 800,000. Nimeshatengeneza kasha la mbao la kuisafirishia. Hela yake sijapokea. Ila naomba mnielewe, sikuacha mdomo kwa ajili yake, alikuja mzee ameshazikwa. Na familia ndio waliosema hawaitaki. Kitu mtu amekikataa ni cha nani?

Mjukuu wa Ujiji
Hawajaikataa, wamekuomba umalizie.

Fundi Katubuka
Kasha limeshatengenezwa halafu anaomba ushauri!

Simulizi za Bi Mkubwa
Nilikuwa upande wako, sasa sijui. Baba wa watu aende kutundikwa kwenye ukumbi wa mtu asiyejua hata jina lake?

Mama Gungu
Sikiliza. Tarehe 12 Aprili 1945 rais Roosevelt wa Marekani alikuwa anachorwa na mama mmoja, Elizabeth Shoumatoff, kule Warm Springs, Georgia. Akashika kichwa katikati ya kikao, siku hiyohiyo akafariki. Yule mama hakuigusa tena ile picha, iko vilevile mpaka leo. Lakini baadaye alichora nyingine, akaimaliza yote. Nilifundisha historia, ndiyo maana najua. Sasa wewe una mikono miwili. Familia wachoree ya pili, kamili, kwa hela hiyohiyo waliyokupa, maana hiyo ndiyo uliyoitikia. Ya kwanza usiiguse. Kisha nenda kwa binti na zote mbili, yeye ndiye aseme ile ya kwanza ibaki kwao au iende Dar, na ikienda mgawane.

mkono_wa_penseli
Kuchora nyingine nakubali, mama. Kugawana sijui, jasho ni langu. Lakini kumuuliza binti, hilo nitalifanya, na mtu wa Dar nitamwambia kasha halitoki mpaka binti aseme.

Tatizo ni mdomo. Familia wana picha ya kitambulisho tu, hana kofia na kaununa. Mzee hakuwa mtu wa kununa. Alikuwa na pengo upande wa juu kushoto na alipocheka alikuwa analifunika kwa ulimi.

Dada wa Stesheni
Baba yangu alifanya kazi naye. Wana picha ya pamoja pale stesheni, wamesimama chini ya saa na sare zao, na ninakumbuka mmoja wao anacheka. Nitaitafuta leo sandukuni. Angalia ujumbe wa faragha.