Chemba inatema Kariakoo wiki ya tatu, ila bili ya majitaka haijawahi kuchelewa

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nina fremu ya vitenge Kariakoo. Chemba ya mlangoni pangu inatema wiki ya tatu sasa. Sisemi maji ya mvua, ni kinyesi kabisa, kinapita mbele ya duka kinaelekea kwa mama ntilie. Wateja wanarukaruka kwenye matofali niliyopanga. Leo mmoja kateleza, kiatu kikazama, doti sita alizokwisha kuchagua akaziacha kaunta.

Nimepiga simu huduma kwa wateja ya mamlaka ya maji mara nne. "Mafundi wanakuja." Walikuja mara moja, siku ya tisa, vijana wawili na fito. Wakavuta tope lenye pampasi, matambara na mafuta yaliyoganda, wakalirundika palepale pembeni ya chemba, wakaondoka. Mfuniko haupo, watu wa skrepa walishaubeba zamani. Usiku mvua ikanyesha. Tope likarudi lilikotoka.

Na msiniambie habari za pampasi tu. Ndiyo, tunatupa uchafu chooni, na kuna majengo yameelekeza maji ya paa kwenye bomba la majitaka. Lakini Kariakoo hii ilikuwa ya nyumba za Kiswahili, vyumba sita na choo cha uani. Kiwanja kilekile leo kina ghorofa nane, vyoo kila sakafu. Anayetoa kibali cha ghorofa na mwenye bomba hawajuani? Ukizibua hapa, inafurika mtaa wa pili.

Jirani yangu kachoka, kakodi gari la kunyonya, likamwage kwenye mabwawa ya majitaka ya Vingunguti. Mtu ameunganishwa na mtandao, analipa kila mwezi, halafu anakodi gari kama mwenye shimo la choo kule Goba, asiye na bomba!

Mwezi wa nane 2015 kipindupindu kilipoanza hapa Dar tulihubiriwa kunawa mikono. Tunanawa. Miguu je?

Kinachoniuma zaidi ni bili. Majitaka yanatozwa kwa kuangalia maji uliyotumia, na mimi sasa nateketeza ndoo tatu zaidi kila siku kuosha kibaraza. Yaani wao wasipofanya kazi, mimi ndiye naongezewa. Nilimpigia hesabu hiyo dada wa simu, akacheka.

Asubuhi nimepiga tena. Nimepewa namba mpya ya taarifa, ya tano, kwa chemba ileile.